Vidole Vitatu

Bunduki ya baba ililala kituoni miezi kumi na minne
ikisubiri jina langu.
Siku ya kusaini, askari akaniuliza, "Mama, utaiweza?"
Nikamjibu nimesukuma mitungi ya oksijeni miaka thelathini.
Hakucheka. Akanisogezea daftari.

Sikuiweza.
Baba alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango wa Kibosho,
na kitako alikichonga mwenyewe, kwa kipimo chake:
nikikiweka begani, kidole changu hakifiki kwenye kifyatuo,
na kile kishikio cha pampu, cha kwenda na kurudi,
kiko mbali kama bakuli la nyama juu ya kabati
enzi zile nikiwa mtoto.

Nikaishusha Moshi ndani ya blanketi, kibali kifuani.
Fundi Senzige, nyuma ya mashine za kusaga pale Majengo,
ana leseni ukutani kwenye fremu
na miwani iliyofungwa kwa uzi.
Alinipima kwa futi ya cherehani,
toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
kama anayenishonea gauni la kipaimara.
"Tutoe vidole vitatu," akasema.

Mpwa wangu, kwenye simu kutoka Arusha, alitaka zaidi:
mtutu ukatwe, tochi ifungwe, rangi nyeusi kama ya sinema.
Mtutu usiguswe, nikasema.
Kibali kina namba, na mimi nina jina.
Tochi ninayo. Huishika kwa meno nikienda kukamua.

Msumeno ukaingia kwenye mninga.
Vumbi jekundu likanuka tumbaku,
likanuka koti la Jumapili la baba.
Akapigilia kipande cha tairi pale mwisho, bega lisiumie,
akasugua kutu, akatia mafuta mpaka pampu ikateleza.
"Jaribu."
Ikakaa begani. Basi. Ikakaa.

Alisema arobaini na tano, tukamalizana arobaini.
Kile kipande alitaka kukitupa kwenye pumba.
Nikakitia kwenye mkoba.

Agosti, baridi la mlima, kahawa juu ya wavu.
Mbwa alibweka mara moja, akanyamaza,
kama anayemjua mtu.
Nilisimama nyuma ya dirisha la jikoni, miguu peku.
Nikavuta: kra.
Nikarudisha: chak.
Ndani hamkuwa na kitu. Risasi za marisau
zilikuwa kwenye kopo la maziwa, uvunguni,
na mimi sikukumbuka kuinama.
Lakini nje, mtu alielewa.
Migomba ikapasuka, maji ya mfereji yakaruka,
kisha kimya, kisha moyo wangu peke yake.

Asubuhi, kwenye tope la mfereji,
kandambili moja, ya kushoto,
imeshonwa kwa uzi wa bluu, uzi wa vidonda.
Uzi ule nilimpa mama yake mimi.
Na yeye nilimpokea mimi, usiku umeme umekatika,
kilo mbili na robo, hakutaka kulia.
Vidole vitatu vilitosha kushika kichwa chake.
Nikampiga kofi, akalia.

Niliiosha. Nikaitundika kwenye isale la mpakani,
upande wao.
Jioni haikuwepo.
Jumapili, nje ya kanisa, mama yake alinisalimia kwa mikono miwili,
akaniuliza habari za ng'ombe.
Ng'ombe mzima, nikasema.
Sikuwahi kupima kahawa iliyobaki.

Bunduki iko kabatini, kwa kufuli.
Kila Ijumaa naipaka mafuta, naivuta, naisikiliza.
Mlango wangu, ambao komeo lake lililegea tangu mvua za elinino,
naufunga kwa kile kipande cha mninga.
Nakisukuma chini kwa kisigino,
upande wenye jasho la baba
ukiangalia nje.